Mshika Makoti

Saa nne na dakika tano, manyunyu ya Friesland,
natoa kadi kabla sijaulizwa.
Mlinzi anaisoma, anaigeuza,
anausoma hata upande usio na maneno,
kisha ananitazama: miaka arobaini na mmoja,
mabega ya mwalimu wa kuogelea.
"Fremu nitapita," namwambia, "ila nisisimamishwe katikati.
Na hicho kirungu chako cha kupekulia
usikitulize hapa."
Namwonyesha chini ya mtulinga wa kushoto
pale ngozi ilipotuna, kama mfuko wa shati wenye kiberiti.

Jelmer ameshatangulia. Ana miaka tisa
na sentimita mia moja thelathini na mbili.
Fimbo ya kupimia inataka mia na thelathini.
Mwaka jana alipungukiwa na moja,
tukarudi nyumbani garini bila neno.
Mwaka huu asiyefika ni mimi.

Kwenye ubao wa njano wamechora
mwanamke mjamzito, mgongo uliopinda,
na moyo wenye radi ndani yake.
Huyo wa mwisho ni mimi. Wamenipatia.

Daktari Abbema alinipangia siku hii
kwa sauti ya mtu anayesoma menyu:
farasi wa kuzunguka, sawa. Boti za bata, sawa.
Magari ya kugongana, hapana, mkanda utakukaba palepale.
Treni ile kubwa hapana, na breki zake huenda ni sumaku;
uliza, usione haya kuuliza.
Na zile nguzo mbili za kunasa wezi mlangoni mwa duka,
usiziegemee ukasoma simu.
Pita kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.
Nikaitikia kila kitu.
Nililotaka kuuliza sikuliuliza:
nani atakaa naye?

Watu husema, piga moyo konde.
Wangu ulishapigwa. Mwezi wa tatu, ukingoni mwa bwawa,
nahesabu vichwa majini, nimefika saba,
konde likatokea ndani
likaniketisha kwenye vigae.
Watoto waliona mwalimu amekaa ghafla, basi.
Hesabu niliimalizia chini:
nane. Tisa. Kumi.

Kwenye benchi kuna mzee mwenye makoti manne mapajani
na kofia ya mtu juu ya kofia yake.
Anaiona kadi mkononi mwangu.
"Chako kinapiga au kinasukuma?"
"Kinapiga."
"Ah. Changu kinasukuma tu, kama marehemu mke wangu."
Anaitwa Sjoerd Haitsma. Mwaka wa kumi na moja huu
anashika makoti chini ya treni hii hii.
"Ni kazi," anasema. "Bila sisi wangepaa na mizigo."

Jelmer amepanga foleni ya wasio na wenzao.
Wamemkalisha na msichana wa koti la kijani
ambaye hatujui jina lake.
Mnyororo unawavuta, tak, tak, tak,
na vidole vyangu, bila kunitaka ruhusa,
viko kwenye kifundo cha mkono, vinahesabu.
Kileleni treni inasita.
Mzee ananikabidhi kofia moja. "Shika hii," anasema,
"usiangalie kama hutaki."
Naangalia.

Dukani napita kati ya nguzo upesi,
maziwa yangu yanachemka.
Picha yao iko ya sita ukutani.
Msichana wa kijani amefumba macho.
Jelmer kinywa wazi, mkono mmoja kwenye chuma,
na wa pili kifuani, kushoto, kaukandamiza kwa nguvu.
"Uliumwa?" namwuliza.
"Hapana." Anavaa koti lake, mkono mmoja umegeuka ndani nje.
"Nilikuwa nakushikia."

Euro nane. Nahesabu sarafu, nafika saba,
natafuta ya nane katika mfuko uliolowa.